Viwavi katika Chumba cha Farhani

Chumba kisichowashwa hita wakati wa baridi kina harufu yake. Ni harufu ya rangi ya ukutani iliyopoa, ya vumbi ambalo halijatikiswa siku nyingi, ya kioo cha dirisha kilichotoa jasho usiku na jasho likaganda pembeni. Juzi nilipanda ghorofa ya juu ya ofisi yetu kule Rockville kutafuta kiti cha ziada. Nikafungua mlango wa chumba ambacho hita yake ilikufa tangu kabla ya Krismasi, na harufu ile ikanipiga usoni. Nilisimama pale mkono wangu ukiwa bado kwenye kitasa. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeona panya. Nikamwambia hapana, nimekumbuka viwavi. Akacheka, nami nikacheka naye, maana ningemwanzia wapi?

Nyinyi nitawaanzia kwa Farhani.

Nilikuwa na miaka minane, nasoma darasa la tatu, na tulikuwa tukiishi Temple Hills katika kijumba cha matofali cha kupanga. Baba, mtu wa Unguja, alikuwa akiendesha teksi. Mama, mzaliwa wa Tanga, alihudumia vikongwe katika nyumba ya wazee. Farhani alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mapaja manene na kichwa cha jasho, ambaye alikuwa hajaanza hata kuketi peke yake. Hakuugua. Mchana mmoja mwishoni mwa joto Mama alimnyonyesha, akamlaza katika chumba kidogo cha nyuma, na alipokwenda kumtazama hakumkuta tena. Yaani alimkuta, lakini mnanielewa.

Wakubwa siku ile kila mmoja alikuwa na neno lake. Katangulia. Kapumzika. Mola kachukua amana yake. Mama mmoja wa msikitini alinishika mashavu kwa mikono iliyonukia udi akaniambia, "Mdogo wako amelala, mwanangu. Usimlilie, amelala." Mimi, kama watoto wengi wa kwetu huku, nilikielewa Kiswahili chote lakini nikikijibu kwa Kiingereza. Neno lile nililichukua kama lilivyo, nikaliweka.

Kwa desturi yetu wanawake hawafuati jeneza. Wanaume walimzika kesho yake, Mama akabaki sebuleni juu ya mkeka, amezungukwa na wanawake, akitazama zulia. Baba alirudi na udongo mwekundu kwenye viatu. Hakuviingiza ndani. Vilikaa barazani mpaka mvua ikaviosha.

Majira yalipoanza kupoa, Baba akawasha hita ya nyumba nzima. Mama aliingia chumba cha nyuma mara moja tu, akakisukuma kwa kidole cha mguu kile kijilango cha chuma cha tundu la hita lililoko sakafuni, kikafunga. Akatoka, akavuta mlango. Hakuna aliyesema tusiingie. Lakini kuanzia siku ile baridi ilikuwa ikitoka chini ya mlango ule kama maji, ikikatiza ukumbini, na Mama alipopita hapo aliinua pindo la dera lake, kama mtu anayevuka dimbwi. Jirani yetu Mkenya, Mama Wanjiru, aliyekuwa akituletea chapati na maoni yake bila kuombwa, alisema, "Hiyo room muifungulie heater jameni, pipes zitapasuka mlipe landlord." Mama alimshukuru kwa chapati.

Baba alijaribu. Mara kwa mara, akila chakula chake cha usiku, alikuwa akisema kama anayeiambia sahani, "Ni mahali pazuri, Mama Zuhura. Pana utulivu. Siku ukiwa tayari nitakupeleka." Mama alikuwa akiinuka kwenda kufanya kazi ambayo haikuwapo.

Basi mwezi wa kumi na moja mwalimu wetu wa sayansi akatutangazia kwamba shule inataka kuchimba bustani ya nyuma ili kutengeneza mabomba. Ndani ya bustani ile, kwenye sehemu ya majimaji, palikuwa na viwavi wa kipepeo mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ambaye watu wa Maryland humhesabu kuwa kipepeo wa jimbo lao. Alitueleza kwamba viwavi hawa hula kwa majuma machache wakati wa joto, kisha huacha kula kabisa. Hujifunga katika majani makavu, wamesongamana, wakangoja baridi yote ipite. Hawali, hawatembei, hata kupumua kwao huonekana kwa shida. Joto likiwafikia kabla ya wakati wataamka, na wakiamka kabla majani hayajaota watakufa njaa. Akauliza nani kwao kuna mahali pa baridi, pasipo hita, ila pasipoingia theluji.

Watoto wengine walifikiri juu ya gereji. Mimi niliinua mkono bila kufikiri. Sisi tulikuwa na chumba.

Nilirudi na chungu cha udongo kilichojaa majani makavu, juu kimefungwa kitambaa cha wavu. Ukichungulia ungewaona ndani ya jani lililojikunja: vijidudu vyeusi na vya chungwa, vyenye miiba laini, kila kimoja kama punje ya mchele. Mama alikuwa amejilaza. Nilifungua mlango wa chumba cha nyuma, nikakiweka chungu chini ya dirisha, karibu na kitanda cha Farhani ambacho shuka lake lilikuwa bado na alama ya kichwa. Nakumbuka niliona fahari, kama mtu aliyepata kwa mgeni wake nafasi nzuri kabisa ya kulala.

Majuma yaliyofuata, nyumba ilianza kusikika.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa jikoni akikata vitunguu, kisu kikasimama hewani. "Unasikia?" aliniuliza. Nilisikia. Palikuwa na mkwaruzo mwepesi nyuma ya mlango ule, kama ukucha juu ya karatasi, kisha kimya, kisha tena. Baba alisema ni panya, akanunua mitego akaitega ukumbini. Panya hakunaswa. Akasema basi ni kuchakuro wa darini. Mama hakubishana naye. Alizoea kusimama ukumbini mchana, mgongo ukutani, akisikiliza, na uso wake ulikuwa uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote. Haukuwa na hofu. Alikuwa kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Mimi niliogopa. Viwavi hawakwaruzi, hilo mwalimu alikwisha kutuambia, hawana sauti. Kwa hiyo mle ndani, nilijiambia, kuna mwingine. Niliacha kwenda kuwatazama. Nilipopita ukumbini, na mimi nilianza kuruka ile baridi ya mlangoni.

Alasiri moja ya Desemba nikiwa nimerudi kutoka shuleni, Mama alifungua. Hakuniambia anafungua, nilisikia bawaba tu, nikamfuata. Alisimama katikati ya chumba na pumzi yake ikionekana. Upepo ulikuwa ukipenya kwenye ufa wa dirisha, ukigusa yale majani makavu chunguni, nayo yakisugua wavu. Mkwaruzo ukaja, mwepesi, pale pale mbele yetu. Mama alikitazama chungu kwa muda mrefu.

"Nani kaweka?"

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ni mimi, ni kazi ya shule.

Akapiga magoti, akafungua wavu, akayatenganisha majani kwa vidole. Alipowaona alishtuka kidogo, maana Mama alikuwa mtu wa kuogopa viwavi. Kwao, alikuwa akisema, kiwavi akikupitia shingoni utajikuna mpaka Ijumaa. "Wamekufa?" aliuliza.

Na mimi, ambaye sikuwa namjibu kwa Kiswahili, siku hiyo neno lilinijia lenyewe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo nilivyopewa.

"Wamelala."

Mama aliketi sakafuni kwa kishindo. "Usiseme hivyo," alisema. "Zuhura, sikiliza. Usiseme hivyo kabisa. Kama wamekufa sema wamekufa. Kama wako hai sema wako hai."

"I don't know," nilimwambia, na kweli nilikuwa sijui. Mwalimu mwenyewe alisema hakuna ajuaye mpaka masika yaingie.

Mama alinyoosha kidole, akamgusa mmoja mgongoni. Tukangoja. Kisha polepole, kwa uvivu mkubwa, kile kidudu kikajikunja, kikafanya duara.

"Huyu yu hai," Mama alisema. Akamgusa wa pili. "Na huyu yu hai." Alimgusa kila mmoja, na sauti yake ilizidi kuwa ndogo, na machozi yalikuwa yakimshuka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta. Wawili hawakujikunja. Aliwatoa, akawaweka kwenye kiganja. "Hawa wamekufa," aliniambia, akinitazama machoni ili nione kwamba neno lile linaweza kutamkwa.

Kuanzia hapo chumba kilikuwa na mtu. Mama alikuwa akivaa koti lake la theluji na soksi mbili, akaketi mle na chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi, akiyanyunyizia majani kidogo ili wasikauke. Nilipotaka kuwagusa alinizuia. "Aliyelala usimwamshe," alikuwa akisema, "ukimwamsha utalala wewe." Methali ile niliisikia mara nyingi msimu huo, na kila mara ilinifanya nitazame kile kitanda kitupu.

Baba aliingiwa na wasiwasi. Nilimsikia kwenye simu akimwambia kaka yake aliyeko Unguja kwamba mkewe anashinda na wadudu katika chumba cha marehemu, anavaa koti ndani ya nyumba, na je, aitwe shekhe? Sijui alijibiwa nini. Ninachojua ni kwamba siku zilizofuata Baba naye alikuwa akija kusimama mlangoni, funguo za teksi mkononi, asiingie, asiondoke.

Halafu Februari ikafanya ujanja wake. Wenyeji wa huku mnaujua: katikati ya baridi zinaletwa siku kama za mwezi wa tano, watu wanatoka na kaptula, miti inadanganyika. Jua liliingia moja kwa moja kupitia dirisha lile. Niliporudi kutoka shuleni Mama alikuwa mlangoni ananingoja, na tangu msiba hakuwahi kuningoja mlangoni.

"Wameamka," alisema. "Wanatembea. Wanatafuta."

Walikuwa wamejaa kwenye wavu, wanapanda, wanashuka, wanainua vichwa hewani na kuvipeleka huku na huku. Kesho yake nilimwuliza mwalimu. Alisema kuna njia mbili: ama tuwatie kwenye friji mpaka masika, ama tuwatafutie chakula.

Baba aliipenda ya friji. Aliona ni rahisi, hata alikwisha kusogeza mtindi. Mama alimshika mkono. "Hakuna kitakacholazwa kwenye friji katika nyumba yangu," alisema. "Nimesema, Baba Zuhura." Baba aliurudisha mtindi mahali pake. Niliona ni ukali wa bure. Mtoto hajui ni wapi maiti hungojea usiku mmoja kabla ya kuzikwa.

Ikabaki chakula. Nikamweleza Baba kwa Kiingereza kama mwalimu alivyonieleza: wanakula plantain. Baba alifurahi sana. Alitoka na teksi yake hadi duka la Waafrika kule Bladensburg, akarudi na chana zima la ndizi mbichi za kupika. Akamenya moja, akaikata vipande vidogo, akaviweka mbele ya viwavi kwa heshima zote. Viwavi walivipanda wakavishuka. "Labda wanataka iungwe kwa nazi," Baba alisema, na Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kama kikohozi, lakini sote watatu tulikisikia.

Nilichukua kalamu nikawachorea. Plantain ya wadudu si ndizi. Ni gugu lenye majani mapana yanayolala chini kama sahani, mishipa yake imenyooka, linaota mahali palipokanyagwa na palipochimbwa. Mama alikwenda nao mchoro wangu mpaka dirisha la jikoni, akautazama kwenye mwanga akiwa ametupa mgongo. Alikaa hapo kitambo.

"Baba Zuhura," alisema bila kugeuka. "Kule ulikompeleka mtoto. Yapo majani kama haya?"

Baba aliweka kisu chini. "Pana nyasi," alisema. "Za aina nyingi. Sikuangalia."

"Twende tukaangalie."

Alitoka kwa viatu vya ndani. Baba hakuthubutu kumwambia avae vingine, akihofia, nadhani, kwamba akirudi kuvaa hatatoka tena. Tulikwenda kwa teksi, Mama nyuma pamoja nami, kama abiria. Makaburi ya Waislamu yalikuwa upande wa nyuma wa makaburi makubwa, mteremkoni, na ya watoto yalikuwa yamepangwa karibu na uzio. Baba alitembea mbele. Hakutafuta. Hakusoma vibao. Alikwenda moja kwa moja akasimama, na pale aliposimama nyasi zilikuwa zimelala, kama pahala mtu anapozoea kusimama.

Mama aliona. "Huwa unakuja," alimwambia.

"Nikimaliza zamu," Baba alisema.

Kaburi la Farhani lilikuwa fupi kuliko meza yetu ya kulia. Nyasi zilikuwa hazijaungana juu yake, udongo mwekundu ungali unaonekana, na katika udongo ule, palipochimbwa, yalikuwa yameota. Majani mapana, madogo, ya kijani, yamelala chini kama sahani.

Mama alipiga magoti. Baba akasema haraka, "Usiyang'oe, Mama Zuhura. Majani mabichi ya kaburini hayang'olewi. Yanamsabihi Mola kwa ajili yake."

"Siyang'oi," Mama alisema. Kisha akainamisha kichwa, akasema na ardhi kwa sauti ile aliyokuwa akitumia zamani kumwamsha Farhani anyonye, sauti ya chini, yenye tabasamu, na nywele zilinisimama mikononi. "Farhani. Mama huyu. Mama kaja kukuomba majani, baba. Machache tu. Kuna wenzio wana njaa."

Akangoja. Wallahi alingoja, kama mtu aliyebisha hodi. Sijui alisikia nini. Kisha akaanza kuchuma, jani moja kutoka kila mche, mengine akiyaacha, akinipa mimi niyashike. Yalikuwa baridi na magumu kama ngozi. Alipomaliza aliuweka mkono wake wote juu ya udongo, akauacha hapo, na ndipo akalia, kilio ambacho sebuleni siku ya msiba hakukilia. Baba alivua koti lake akamfunika mabegani. Mimi nilisimama na majani ya mdogo wangu viganjani, nikiogopa kuyabana, nikiogopa kuyaangusha.

Viwavi waliyala. Ukitega sikio karibu na wavu ungesikia, na hapo ndipo nilipojua mwalimu alikosea, kwamba wana sauti. Si wote waliopona. Wengine walikauka, na mmoja alitokwa na nzi mweusi tumboni badala ya kipepeo, jambo lililonitia ndoto mbaya kwa muda mrefu. Tuliendelea kwenda kuchuma kila Ijumaa hadi masika yalipoingia, na hata baada ya majani kujaa kila mahali. Waliobaki walijining'iniza, wakawa vifuko vyeupe vyenye madoa, na mwanzoni mwa joto wakatoka. Mama alifungua dirisha la chumba kile asubuhi, akaliacha wazi kutwa nzima. Hakukaa kuwatazama wakiondoka. Alikuwa ana zamu; alikuwa amerudi kazini.

Kwa miaka nilikisimulia kisa hiki kama hadithi ya namna nilivyowaokoa wadudu wa shule, nikipitia makaburini kwa haraka, maana watu hubadilika nyuso ukifika hapo. Februari hii, siku za joto la uongo, nilikuwa nyuma ya nyumba yangu mwenyewe nikamwona binti yangu anakanyaga kitu cha kijani chini ya ukuta. Nikainama. Yalikuwa ndiyo yale majani, mabichi, yamestawi katikati ya baridi kwa sababu ya joto linalotoka kwenye bomba la mashine ya kukaushia nguo. Nilibaki nimeinama, nikifikiri juu ya mashine yetu ya Temple Hills, na bomba lake lililotokea nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la jikoni.

Jioni ile Mama alikuja kumsuka mjukuu wake. Nilimwuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa siku hizi ndivyo ninavyosema naye.

"Mama, yale majani ya viwavi. Yalikuwapo pia nyuma ya nyumba yetu, sivyo?"

Hakuinua macho. "Yalikuwapo. Chini ya dirisha la jikoni, tele. Niliyaona siku ileile uliponichorea."

"Sasa mbona tulikwenda kule kote?"

Mama alisuka kidogo. "Baba yako alinibembeleza miezi. Na kila nilipotaka kumwambia nipeleke kwa mwanangu, sauti haikutoka. Ningesemaje nipeleke kwa mwanangu?" Aliifunga ncha ya msuko, akaushika mwingine, akaugawa mara tatu. "Lakini kusema wadudu wa Zuhura wana njaa," alisema, "hilo lilitoka."